Kiingereza cha Kumtania Mke Mwenzangu

Oktoba 1

Mwalimu Yasinta ameniagiza niandike shajara kila siku kwa Kiingereza. Nimejaribu. Sentensi moja imekula mchana wangu wote na ugali umeungua. Basi shajara itakwenda kwa Kiswahili, na hicho Kiingereza chake kitabaki kwenye kusoma na kusema.

Chanzo cha yote ni simu ya juzi. Binti yangu Oliva, muuguzi huko Uingereza, amesema Krismasi anakuja nyumbani Newala pamoja na mtoto. Mjukuu wangu huyo ana miaka minane na jina lake ni langu, Josephina, ila wao wanamwita Josi. Mara ya mwisho nilimbeba hana hata jino moja. Kiswahili chake ni "asante" tu. Kwenye simu ya video mimi nasema "Hau a yu", yeye anasema "Faini", halafu kila mmoja anatafuta mahali pa kutazama, na simu inarudishwa kwa mama yake.

Mimi nataka kumtania mjukuu wangu. Ni hilo tu. Bibi asiyemtania mjukuu ni sawa na picha ya ukutani. Bibi yangu mimi aliniita mke mwenza kabla sijajua kutembea. Tulimgombea babu kila siku ya Mungu, akiniita mwizi wa mume nami nikimwita kikongwe kisicho na meno, na sijaona mtu aliyenipenda kuliko yule. Sasa huyu wajina wangu anatimiza miaka minane na sijamtukana hata mara moja! Haiwezekani.

Oktoba 4

Kitabu kimepatikana! Yasinta ameolewa kwa jirani zetu na anafundisha Kiingereza shule ya msingi. Alikwenda kwao Masasi, akakikuta kwenye sanduku la vitabu vilivyokataliwa na panya. Hakina jalada. Ni riwaya nene.

"Shikamoo mama. Nimekuletea mwalimu mwingine."

"Marahaba mwanangu. Huyu mbona hana nguo?"

Akanipa masharti. Nisome ukurasa mzima bila kufungua kamusi, nikisie, kisha ndiyo nitafute maneno. Na kila siku sentensi moja kutoka kitabuni niitamke kwa sauti mbele ya kiumbe kinachosikia.

"Hata mbuzi?"

"Hata mbuzi, mama. Lakini binadamu ni bora."

Nimesoma ukurasa wa kwanza. Kuna dada wawili, Winifred na Constance, wanaishi katika nyumba moja kubwa, na wote wanampenda mwanamume mmoja anayeitwa Kapteni Harlow. Nimepiga kelele mpaka Mzee Nikolao, mume wangu, akatoka ndani kuuliza kama ni nyoka. Si nyoka! Nimetafuta kitabu cha kunifundisha kumtania mke mwenza, Mungu kanipa kitabu cha wake wenza!

Oktoba 5

Ukurasa mmoja. Sentensi nimewaambia mbuzi. Wamesikia.

Oktoba 9

Tumeanza kuokota korosho. Mgongo wangu unaongea lugha zote.

Niko na Mama Ashraf, yaani Faidha, ambaye tunasaidiana shamba tangu ujana. Leo shambani kwangu, kesho kwake. Tukiwa tumeinama chini ya mikorosho, mimi namsimulia nilichosoma asubuhi. Kwanza natamka sentensi ya Kiingereza, kisha namweleza.

"Winifred amemwambia Constance: huyu mwanamume hatavuka kizingiti chako nikiwa hai."

"Ana maneno huyo!" akasema Faidha. "Na mwenzake kajibu nini?"

"Kanyamaza. Kanywa chai."

"Kanywa chai? Mama Oliva, hao si wazima."

Akatupa korosho kwenye ndoo, akatenganisha bibo, lile tunda lake, na kuliweka pembeni, akafikiri. "Na huyo Kapteni mwenyewe ana nini? Ana shamba?"

Nikamwambia sijafika huko.

Oktoba 14

Neno la leo ni reluctantly. Kamusi inasema "bila kupenda". Mimi nasema kwa shingo upande. Mzee amenichotea maji reluctantly.

Oktoba 20

Mzee Nikolao amenikera. Nilikuwa uani nikitamka maneno ya Winifred, mkono kiunoni kama anavyofanya mwenyewe kitabuni. Naye kakaa kwenye kigoda chake anatengeneza mpini wa jembe, hata macho hainui.

"Mama Oliva, umri huu Kiingereza cha nini? Unataka kuwa karani?"

"Nataka kuzungumza na mjukuu wangu."

"Mtoto ukimpa bibo atazungumza mwenyewe."

Huyo ndiye mume wangu. Dunia nzima kwake inatatuliwa na bibo. Nimemwambia kwa Kiingereza kuwa ni kiumbe duni, wretched creature, neno zuri sana la Winifred, linajaza mdomo. Akasema ahsante.

Oktoba 28

Joto. Korosho nyingi. Sikusoma.

Oktoba 29

Joto. Nilisinzia na kitabu usoni. Mzee anasema nilikoroma kwa Kiingereza.

Novemba 6

Nimekaribia katikati ya kitabu, na kuna jambo limenitokea lazima niliandike kabla halijapoa. Leo nilisoma kurasa tatu mfululizo na nikasahau kuwa nasoma Kiingereza! Constance alikuwa anapanda ngazi na barua ya Kapteni imefichwa kifuani, Winifred yuko juu anamsubiri gizani, na mimi nikawa nasema "rudi, rudi, mjinga wewe!" kwa sauti. Ni baadaye tu nilipotaka maji ndipo nikagundua kuwa sikufungua kamusi hata kidogo. Nilikimbia kwa Yasinta na kanga moja kiunoni. Alikuwa anasahihisha madaftari. Nikamsimulia ngazi zile zote kwa Kiingereza, nikikwama naonyesha kwa mikono, na yeye hakunisahihisha, aliniuliza tu: kisha? Kisha?

Nilipomaliza akanishika mikono yote miwili. "Mama, umezungumza!"

Nimezungumza! Nina miaka hamsini na tisa na nimezungumza!

Novemba 7

Oliva kapiga simu. Nikataka kumwonyesha, lakini Josi alikuwa shule. Nimeona afadhali nisimwambie. Nitamshtukiza mtoto mlangoni.

Novemba 15

Korosho zimeanikwa uani, na wingu likatokea upande wa Ruvuma bila hata salamu. Tulikusanya sote, Mzee, mimi, Faidha, na Yasinta aliyeruka uzio na viatu vyake vya shule. Mvua ikapiga kidogo ikaacha, inatutania na yenyewe. Korosho ziko salama ndani. Kitabu nilikisahau kwenye mkeka, kurasa zake zimevimba na kitabu kizima kimenenepa. Nimekianika kwenye kamba pamoja na kanga.

Novemba 24

Hotuba ya mlangoni iko tayari. Nimeichukua kwa Winifred siku aliyomkuta Constance amerudi kutoka safari, ila jina la Kapteni nimeliondoa nikaweka mume wangu: "Hatimaye umefika, ewe mwizi! Hutalala chini ya paa hili mpaka uniambie mume wangu umemficha wapi!" Nimeikariri mpaka mbuzi wameichoka. Faidha anasema nikifika kwenye "mwizi" ninyooshe kidole, itapendeza zaidi.

Desemba 2

Korosho za mwisho mwisho zimekwenda ghalani. Mzee kaniuliza, huku anaangalia pembeni, watoto wanafika lini hasa. Nimemwambia. Baada ya muda akauliza tena.

Desemba 10

Neno: nevertheless. Hata hivyo. Nimelipenda kwa sababu ni maneno matatu yaliyooana bila mahari.

Desemba 17

KESHO. Nyumba imepakwa chokaa. Nimefagia mpaka njia ya jirani. Siwezi kukaa, siwezi kusoma, nimemtilia Mzee chumvi kwenye chai naye kainywa bila kusema.

Desemba 18

Sijui nianzie wapi. Nitaandika jinsi ilivyokuwa.

Gari lililowatoa uwanja wa ndege Mtwara lilifika saa kumi jioni. Jirani wote walikuwa uani. Faidha alianza vigelegele kabla hata mlango wa gari haujafunguka. Akashuka Oliva wangu, amenenepa, analia na kucheka. Kisha akashuka Josi. Ana macho yangu, jamani! Na miguu mirefu ya babu yake, na nywele zimesimama kwa usingizi wa safari, na gauni jeupe.

Nilikuwa nimesimama mlangoni kama tulivyopanga. Nikaweka mkono kiunoni. Nikanyoosha kidole. Nikaitoa hotuba yote bila kukosea hata neno moja, kwa sauti ya Winifred, sauti ambayo hata mimi sikujua ninayo.

Watu hawakujua Kiingereza lakini kidole na kiuno walivielewa. Uani wote ulilipuka kwa kicheko. Mama Ashraf alikaa chini kabisa. Na mimi nikasubiri jibu la mke mwenzangu.

Mtoto alikuwa mweupe midomoni. Alinitazama, akatazama watu wanaomcheka, akageuka, akaficha uso tumboni kwa mama yake, na kilio kilichotoka pale hakikuwa cha deko. Kilikuwa cha mtu aliyeogopa.

Vicheko vikakatika kimoja kimoja.

Ndipo Mzee Nikolao, mume wangu ambaye kwa msimu mzima alikuwa akinidhihaki, akapita mbele yangu taratibu, akachutama na magoti yake mabovu, akasema kwa Kiingereza: "Karibu nyumbani, mtoto wangu." Maneno machache tu. Sijui aliyapata wapi. Nadhani alikuwa akisikiliza wakati namsumbua Yasinta. Josi akatoa jicho moja kwenye nguo ya mama yake, akampa mkono.

Mimi nilibaki mlangoni na kidole changu.

Watu walipoondoka, Oliva alinifuata jikoni.

"Mama! Mtoto kasafiri siku mbili, anaitwa mwizi mlangoni!"

"Si utani, mwanangu? Wewe bibi yako alikuitaje?"

"Utani ni kwetu, mama. Bibi yake wa huko anampa biskuti na kumwuliza shule inaendeleaje. Ameniuliza ameiba nini. Ameniuliza kama mume wako amepotea kweli."

"Na wewe hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba bibi yake atamtukana na asishtuke?"

"Ndiyo! Hilo mtoto analijua kabla ya kujua kusoma! Umemlea bila kumwambia ana bibi wa namna gani?"

Akachukua upawa, akaurudisha. "Nimekaa sana huko, mama," alisema. "Nilisahau kama ni kitu cha kufundishwa."

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Hata mimi sikufikiri kama ni kitu cha kufundishwa.

Desemba 19

Anakula chumbani. Akinisikia napita ananyamaza.

Desemba 20

Nimefanya jambo la kijinga zaidi. Nimetafuta mahali Winifred anapoomba radhi, nimekariri, nimekwenda mlangoni kwa mtoto, nimesema: "Nimekukosea kosa lisilosameheka, na majuto yangu nitakwenda nayo kaburini."

Josi alimwuliza mama yake kama bibi anakufa.

Oliva ameniambia kwa upole, na upole wake umeniuma kuliko makelele, kwamba mtoto asipotulia mpaka Krismasi, watakwenda Dar es Salaam kwa rafiki yake, wangoje ndege huko. Kitabu nimekitupa juu ya kabati.

Desemba 21

Mvua. Josi kamfuata babu yake shambani. Wamerudi wameloa, wameshikana mikono, gauni jeupe lina madoa ya bibo ambayo hayatatoka mpaka Yesu arudi. Hawana hata lugha moja ya pamoja, hawa. Yeye anasema vyake, Mzee anasema vyake, na wanaelewana. Kumbe bibo.

Desemba 22

Tulikwenda sote Shimo la Mungu kutazama bonde. Njiani nilibaki nyuma, pumzi zilinikatika, wakanisubiri. Josi alisimama upande wa pili wa babu yake ili asisimame karibu na mimi. Nimeona wivu. Naandika wazi: nimemwonea mume wangu wivu, na nimemwonea mtoto wivu, na nimelala mchana kwa hasira.

Desemba 23

Amenijibu!!!

Ngoja nitulie. Amenijibu! Ngoja niandike kwa utaratibu.

Asubuhi nilichemsha ming'oko. Ni viazi pori vyangu, nilivichimba mwenyewe, na nilijiwekea bakuli moja pembeni kwa sababu nimekuwa na huzuni na mtu mwenye huzuni ana haki ya ming'oko. Nikaenda kuangalia mbuzi. Narudi, nakuta wawili wamekaa kwenye mkeka WANGU, Josi kaegemea bega la babu yake, bakuli LANGU katikati, wanamenya na kula, na Mzee anamwita "mke wangu, mke wangu", kwa Kiswahili, polepole, na mtoto anaitika kama jina lake.

Kitu kikanipanda kutoka miguuni. Sikukumbuka Winifred, sikukumbuka kitabu wala masharti ya Yasinta. Nilifungua mdomo na Kiingereza kikatoka chenyewe, kibovu, kimevunjika miguu, lakini changu.

"Huyo ni mume wangu! Mimi nampikia tangu zamani! Wewe umekuja juzi! Na ming'oko yangu! Haya, mchukue! Chukua wote, mume na bakuli! Magoti yake yamekufa! Masikio hayasikii! Anaficha sukari chini ya kitanda, anafikiri sijui! Mpeleke huko kwenye baridi, lakini ukimchoka usinirudishie hapa!"

Mzee hakuelewa neno, ila alisikia "sukari", maana hilo hata kwa Kiingereza linafanana, akajua nimemfichua. Akaanza kucheka. Mzee Nikolao hacheki ovyo. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka, mng'oko mdomoni.

Josi alimtazama babu yake. Akanitazama mimi. Akamtazama tena babu. Nikaona kabisa kitu kinapita usoni mwake, anahesabu, anapima. Kisha akasema, sauti ndogo sana:

"Magoti yake ni mazima. Wewe ndiye uliyechoka jana, tukakusubiri."

Yesu na Maria! Nilitaka kumrukia nimbusu. Lakini utani ukishaanza hauvunjwi kwa busu. Nikakunja uso zaidi.

"Mwizi!" nikasema.

"Bibi mchoyo," akasema, na macho yamemtoka kuona kama nitampiga.

"Mwizi wa ming'oko!"

"Bibi mchoyo na umechelewa!" Akachukua mng'oko wa mwisho, akautia mdomoni wote, mashavu yakavimba, ananitazama.

Oliva alikuwa amesimama mlangoni na taulo kichwani, mkono umefunika mdomo. Sijui alikuwa analia au anacheka, na hakuna aliyemwuliza.

Baadaye nilipokuwa naosha bakuli, Josi alikuja jikoni peke yake. Alisimama mbali kidogo.

"Ile siku mlangoni, ulikuwa unatania?"

"Ndiyo."

"Mbona hukucheka?"

Nilifikiri namna ya kumwambia. Maneno hayapo kwenye kitabu. "Mtani hacheki," nikasema. "Anayecheka ni yule anayetazama."

Akalitafakari hilo kwa muda mrefu, amekunja paji la uso kama mimi nikitafuta neno kwenye kamusi. Akasema ni sheria nzuri. Akaniuliza kama anaweza kukausha bakuli.

Desemba 24

Amenisalimia asubuhi. Oliva alimfundisha "Shikamoo bibi", naye akaongeza lake kwa Kiingereza: "mwenye goti baya". Nikasema marahaba, mwizi. Hakucheka! Alikimbilia nyuma ya nyumba, nikamsikia anacheka huko.

Desemba 25

Kanisani, na wali, na kuku wawili. Hakuna aliyetaja Dar es Salaam. Mama Ashraf kaja kula, kapewa bakuli lake la kuku aliyechinjwa na mwanawe Ashraf kwa dini yao, na Josi kamwuliza kupitia kwangu kama naye anamtaka Nikolao. Faidha akasema huyo mzee hata kwa mkopo hamchukui. Nimetafsiri! Kwenda na kurudi!

Desemba 28

Mvua kubwa, hatutoki. Josi kakiona kitabu juu ya kabati, kinene, kimevimba, akataka kujua kina nini. Nilikuwa nimebakiza sura za mwisho. Akasema atanisomea, lakini lazima kwanza nimwambie yaliyotangulia.

Nikamsimulia. Mchana mzima, kwa Kiingereza, tumekaa kizingitini tunatazama maji yakijaza pipa. Nilikosea sana. Kapteni nilimfanya mwanamke mara kadhaa, naye Josi ananirudisha: mwanamume, bibi. Nikikosa neno nafanya kwa mwili. Ngazi nilizipanda kweli, kwenye kigoda cha Mzee. Na nikisema jambo zito Josi anaitikia kama watoto wetu wanavyoitikia hadithi, hakuna aliyemfundisha: "Ehe? Ehe?" Nilimsimulia Yasinta ngazi zile mwezi uliopita nikaona nimefika mbinguni. Kumbe pale nilikuwa mlangoni tu.

Desemba 30

Tumemaliza kitabu. Josi kasoma, anatamka vizuri mno, maneno yanateleza kama mlenda. Na mwisho wake ni huu: Kapteni anaondoka bila kumwoa yeyote. Dada wawili wanabaki kwenye nyumba ile kubwa, wanakunywa chai, hawasemezani tena mpaka wanazeeka.

Nilimpelekea Faidha habari kwake. Aliudhika kweli. "Kwa chai tu! Msimu mzima nimeinama nasikiliza, wananimalizia kwa chai!"

Josi alisema Winifred angeanza kwa kutaja magoti.

Januari 4

Wameondoka leo. Nilikuwa na hotuba ya kuagana. Si ya Winifred, niliiandika mwenyewe na Yasinta akainyoosha kidogo, na nilijua nikiisema nitalia, nikasema potelea mbali, nitalia.

Mizigo ikapakiwa. Jirani wote wako uani. Oliva kanikumbatia. Nikamgeukia Josi nikafungua mdomo.

Hakuwepo. Alikuwa amekwenda moja kwa moja kwa babu yake, kamshika mkono, anamvuta kwenda garini. Akamfungulia mlango. Akamsukuma akae. Kisha akageuka kwangu, mkono kiunoni, kidole kimenyooka, na uso mkavu kabisa, akasema kwa Kiswahili cha Faidha, polepole, kila neno mahali pake:

"Mume wangu twende. Huyu bibi tumwache na mbuzi."

Uani ulipasuka. Yasinta alishika uzio. Watu walishikana mabega. Na yule mtoto hakucheka. Hata kidogo! Alinitazama tu, anasubiri jibu la mke mwenzake.

Na mimi, niliyesoma msimu mzima, nilikosa neno kwa Kiingereza, nikakosa kwa Kiswahili, nikakosa kwa Kimakonde. Nililia mbele za watu mpaka kanga ikaloa. Josi alisubiri kidogo, akaona jibu haliji, akaja akanikumbatia kiunoni kwa nguvu. Kanishinda.

Gari lilimshusha Mzee njia panda. Alirudi kwa miguu, taratibu. Alikaa jikoni kwenye kigoda chake nikamwekea chai. Alitoa sukari mfukoni.

Januari 7

Mvua. Nimepalilia kidogo.

Januari 11

Yasinta kaleta riwaya nyingine. Ina jalada. Nimesoma kurasa tano.

Januari 15

Simu imelia nikiwa bado na jembe mkononi. Josi. Hakuna "Faini". Hakuna salamu. Kauliza: mume wangu yuko wapi?

Nikamwambia yuko shamba, na kama anamtaka amlipie nauli. Akasema nimemkondesha, ameona kwenye picha. Nikasema alikuja huku akammalizia ming'oko, mzee atanenepa na nini? Akasema mimi ni kikongwe. Nikasema yeye ni mwizi, na meno yake ya mbele yote yameng'oka, anadhani sioni? Oliva alikuwa anatuomba tunyamaze majirani wasisikie. Hatukunyamaza. Tuligombana mpaka bando likaisha, na kama lisingeisha tungekuwa tunagombana mpaka sasa hivi.

Nilirudi shambani, nikashika mstari wa mahindi. Nilikuwa nimefika katikati ndipo nikajiuliza muda wote ule tulikuwa tunaongea lugha gani. Sikumbuki.